Kiambishi Tamati -ing cha Kiingereza na Tatizo la Kuainisha Maneno

1.0 Utangulizi

Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza vilivyotumiwa shuleni kwa miaka mingi, neno linaloishia kwa kiambishi -ing hutiwa katika mojawapo ya mafungu mawili. Likifanya kazi ya nomino huitwa jerandi. Likifanya kazi ya kivumishi, au likiandamana na kitenzi kisaidizi kuonyesha tendo linaloendelea, huitwa patisipo. Mgawanyo huu una unadhifu wake, na bila shaka ndiyo sababu umedumu. Taabu huanza pale mwanafunzi anapoiacha mifano ya kitabu chake na kuingia katika matini halisi. Hapo hukuta maneno ambayo mwalimu mmoja huyaita jerandi na mwingine patisipo, na kila mmoja ana hoja yake.

Makala haya yanajadili namna ya kuyaainisha maneno hayo. Dai letu ni kwamba aina ya neno lenye -ing haiwezi kusomwa katika kiambishi chenyewe, wala katika maana yake, wala katika tafsiri yake. Inasomwa katika muundo: neno linaandamana na nini, na linakubali nini ndani ya kirai chake. Tukishika kigezo hicho, mpaka kati ya nomino, kitenzi na kivumishi unabaki kuwa wa kweli, lakini mpaka kati ya jerandi na patisipo unakosa msingi.

Kiswahili kinaingia katika mjadala huu kwa njia mbili. Kwanza, wasomi wengi wa Afrika Mashariki huichambua sarufi ya Kiingereza huku Kiswahili kikiwa akilini mwao, na hushawishika kuhesabu aina za -ing kwa kuhesabu tafsiri zake. Pili, Kiswahili kina umbo la ku- ambalo lina utata wa namna hiyo hiyo, na kama tutakavyoona, linatoa mwanga ambao sarufi za Kiingereza peke yake hazikuweza kuutoa kwa urahisi.

2.0 Umbo moja, kazi nyingi

Hebu tuchunguze mifano ifuatayo. Nyota (*) inaonyesha tungo isiyokubalika.

(1) a. The old building collapsed.
'Jengo lile kuukuu liliporomoka.'
b. The careful building of the dam took six years.
'Ujenzi makini wa bwawa ulichukua miaka sita.'
c. Building the dam carefully took six years.
'Kulijenga bwawa kwa uangalifu kulichukua miaka sita.'
d. The men building the dam came from the north.
'Watu waliokuwa wakilijenga bwawa walitoka kaskazini.'
e. They are building the dam.
'Wanalijenga bwawa.'

Katika (1a) neno "building" ni jina la kitu. Lina wingi, "buildings", na halina tena uhusiano wa lazima na tendo. Hapana mwanasarufi anayelibishia unomino wake. Neno la (1b) ni jina la tendo, lakini bado ni nomino: linatanguliwa na kibainishi "the", linasifiwa na kivumishi "careful", na kile kinachojengwa kinaunganishwa nalo kwa "of", kama ilivyo kwa nomino yoyote. Katika (1c) mambo yanageuka. "The dam" linafuata moja kwa moja, bila "of", kama yambwa ya kitenzi. Na kinachoeleza namna ya tendo ni kielezi "carefully". Hatuwezi kusema *"Careful building the dam". Tunaweza, kwa upande mwingine, kuingiza ukanushi ("not building the dam"), hali timilifu ("having built the dam") na kauli ya kutendwa ("the dam being built"). Hizi zote ni tabia za kitenzi.

Sasa, sarufi ya kimapokeo huweka (1b) na (1c) pamoja kwa sababu zote mbili zinasimama mahali pa kiima, na huitenga (1c) na (1d) kwa sababu ya pili inafanya kazi ya kuvumisha. Ndani ya kirai, hata hivyo, (1c) na (1d) hazitofautiani hata kidogo: zote zina yambwa ya moja kwa moja, zote zinakubali kielezi, zote zinakataa kivumishi. Tofauti iko nje, yaani katika kazi inayofanywa na kishazi kizima ndani ya sentensi. Kuipachika tofauti hiyo kwenye neno moja ni sawa na kusema kwamba mtu amebadilika kabila kwa kuwa amehamia mtaa mwingine.

Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanalijua vizuri: aina ya neno na kazi ya neno ni mambo mawili. Katika "askari kanzu", neno "kanzu" linavumisha askari, lakini halikuwa kivumishi kwa sababu hiyo, limebaki nomino. Vivyo hivyo, katika "a sleeping child" neno "sleeping" linavumisha mtoto, lakini halipiti mtihani wowote wa kivumishi. Hatusemi *"a very sleeping child", wala *"the child seemed sleeping". Linganisha na "interesting", ambalo linakubali "very", linafuata "seem", na lina kinyume chake "uninteresting". Neno "unassuming", 'mnyenyekevu', linatoa ushahidi wa wazi zaidi: hakuna kitenzi *"unassume" katika Kiingereza, kwa hiyo neno hilo haliwezi kuwa umbo la kitenzi. Pale ambapo umbo moja linaweza kuwa kitenzi au kivumishi, utata hutokea. "The host is entertaining" ina maana mbili, 'mwenyeji anakirimu wageni' na 'mwenyeji ni mchangamfu'. Ukiongeza "very", ni maana ya pili tu inayobaki, na ukiongeza yambwa "guests", ni ya kwanza tu.

3.0 Asili ya mkanganyiko

Mkanganyiko huu una historia. Katika Kiingereza cha Kale kulikuwa na viambishi viwili visivyohusiana. Cha kwanza kilikuwa -ung, pamoja na umbo lake -ing, ambacho kiliunda nomino kutokana na vitenzi: "leornung", 'kujifunza, elimu'. Cha pili kilikuwa -ende, cha patisipo: "singende", 'anayeimba'. Kijerumani kimehifadhi tofauti hiyo hadi leo. "Lesung" ni nomino, 'usomaji', na "lesend" ni patisipo, 'akisoma'. Katika Kiingereza cha Kati umbo la patisipo lilibadilika kwa lahaja: -ande kaskazini, -ende katika sehemu za kati, -inde kusini. Hatua kwa hatua, kwanza katika lahaja za kusini, kiambishi cha nomino na kile cha patisipo vilikutana katika umbo moja la -ing. Kaskazini, na hasa katika Kiskoti, tofauti ilidumu zaidi.

Wakati huo huo nomino za -ing zilianza kupata tabia za kitenzi. Kuanzia karne ya 14 zinaonekana zikichukua yambwa bila "of" na kuandamana na vielezi. Kwa karne kadhaa miundo ilichanganyika, hata waandishi walioheshimiwa wakaandika tungo za namna ya "the building the dam", zenye kibainishi cha nomino mbele na yambwa ya kitenzi nyuma. Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, aliukemea mchanganyiko huo katika sarufi yake ya mwaka 1762. Kanuni yake ilikuwa kwamba mtu aweke "the" na "of" zote mbili, au asiweke hata moja. Mara nyingi Lowth hulaumiwa kwa kuwabebesha Waingereza kanuni ambazo lugha yao haikuwa nazo. Katika hili, kwa maoni yetu, aliona vizuri lugha ilikokuwa inaelekea: Kiingereza cha leo kinafuata karibu kanuni hiyo hiyo bila kukumbushwa na mtu.

Majina "jerandi" na "patisipo" yametoka katika sarufi ya Kilatini, na huko yana haki yake. Katika Kilatini "amandi", 'ya kupenda', na "amans", 'apendaye', ni maumbo mawili tofauti kabisa. Wanasarufi wa Kiingereza waliazima majina mawili kwa ajili ya lugha ambayo ilikuwa imebaki na umbo moja.

4.0 Je, jerandi na patisipo ni vitu viwili?

Mwanaisimu anayetetea utengano huo anapaswa kuonyesha angalau kitenzi kimoja ambacho kina umbo moja la jerandi na jingine la patisipo. Hakuna. Hata kitenzi "be", ambacho kina maumbo manane, kina "being" tu kwa kazi zote mbili. Hoja hii ndiyo iliyowafanya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya Cambridge ya mwaka 2002, kuyaunganisha majina mawili katika istilahi moja na kuhesabu umbo moja tu la kitenzi. Kabla yao, Randolph Quirk na wenzake (1985) walikuwa wamekwisha kuiacha istilahi ya jerandi. Wao walipanga mifano kumi na minne ya neno "painting" katika msururu unaoanzia kwenye nomino kamili na kuishia kwenye kitenzi kamili, ili kuonyesha kwamba hakuna mahali pamoja pa kukata.

Wazo la msururu linavutia, ila ni rahisi kulitumia kama kificho cha kutoamua. Tukiitazama mifano ya (1) kwa makini, badiliko kati ya (b) na (c) si la polepole: yambwa, kielezi na ukanushi huingia kwa pamoja, na kivumishi na "of" hutoka kwa pamoja. Huko ndiko kwenye ukingo. Tofauti zilizobaki, kutoka (c) hadi (e), ni za kazi ya kishazi.

Uzito wa hoja hii unaonekana katika tungo kama hizi:

(2) a. He spent the night reading.
'Aliutumia usiku kucha akisoma.'
b. She kept asking questions.
'Aliendelea kuuliza maswali.'
c. They are busy cooking.
'Wanashughulika kupika.'

Hizo ni jerandi au patisipo? Anayeitazama historia atasema (2a) ni jerandi, kwa kuwa iliwezekana kusema "in reading". Anayetazama maana atasema ni patisipo, kwa kuwa inaeleza hali ya mtendaji. Mabishano hayo hayana mwisho kwa sababu hakuna ushahidi wowote katika lugha yenyewe unaoweza kuyamaliza. Swali ambalo halina jibu kwa njia yoyote ile huwa mara nyingi ni swali lililoulizwa vibaya.

Utata maarufu wa -ing nao hueleweka upya. Chukua sentensi "Boiling water is dangerous". Maana zake ni mbili: 'kuchemsha maji ni hatari' na 'maji yanayochemka ni hatari'. Sarufi ya kimapokeo hueleza kwamba katika maana ya kwanza "boiling" ni jerandi na katika ya pili ni patisipo. Ukweli ni kwamba ni kitenzi katika zote mbili. Kinachobadilika ni neno kuu la kirai: katika maana ya kwanza "water" ni yambwa ya "boiling", na katika ya pili "water" ndilo neno kuu, na "boiling" inalivumisha. Kiswahili hakina utata huo, kwa kuwa kiambishi cha kusababisha katika "chemsha" na kirejeshi katika "yanayochemka" hutenganisha miundo mapema.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Ann Houston (1985) alionyesha kwamba wasemaji wa Kiingereza hawatamki -ing kwa namna moja: matamshi ya -in hujitokeza zaidi katika vitenzi vya hali ya kuendelea na kwa uchache zaidi katika nomino. Huenda hiyo ni mabaki ya viambishi viwili vya kale. Tunaikubali data hiyo. Hata hivyo inazungumzia wingi wa matumizi, si sarufi ya umbo. Na ncha zake mbili ni kitenzi na nomino, sio jerandi na patisipo.

5.0 Kimilikishi na ushahidi wa ku-

Kizuizi kikubwa zaidi kwa maoni yetu ni kimilikishi. Tunasema "his building the dam", na "his" ni alama ya kirai nomino. Iweje basi "building" liwe kitenzi? Suala hili lilizua mjadala mkali mwaka 1926, H. W. Fowler aliposisitiza kwamba kimilikishi ni cha lazima na kwamba "him building" ni muundo mbovu, na Otto Jespersen akampinga kwa mifano tele ya waandishi wa karne nyingi. Katika isimu ya baadaye, Noam Chomsky (1970) alitenganisha nomino halisi zinazotokana na vitenzi na tungo za -ing zenye muundo wa sentensi ndani yake. Na Steven Abney (1987) akapendekeza kwamba tungo ya namna hii ni kirai kitenzi kilichovikwa ganda la kirai nomino.

Kwa msomaji wa Kiswahili pendekezo la Abney halina ugeni wowote. Tazama:

(3) Kutokisoma kwake vizuri kitabu hicho kulimponza.

Katika neno moja, "kutokisoma", tunakuta ku- ya ngeli, ukanushi -to- na kiambishi cha yambwa -ki-. Nje kuna "kwake", upatanisho wa kimilikishi, na "kulimponza", upatanisho wa kiima wa ngeli ya KU. Kwa nje ni nomino. Kwa ndani ni kitenzi. Istilahi ya "kitenzi-jina" inayotumiwa mashuleni inataja pande zote mbili, ingawa haisemi upande upi uko wapi.

Sasa tuendelee na jaribio lile la kivumishi na kielezi. "Kuimba kuzuri" ni sahihi, na "kuimba vizuri" ni sahihi. Lakini yambwa ikiingia, moja kati ya hizo huanguka:

(4) a. Kusoma kwake vizuri kitabu hicho kulitufurahisha.
b. *Kusoma kwake kuzuri kitabu hicho kulitufurahisha.

Mfano (4b) una kasoro ile ile ya *"his careful building the dam". Katika lugha mbili ambazo hazina unasaba wowote, kivumishi na yambwa hazikai nyumba moja, ilhali kimilikishi kinakubali kukaa na kila upande: "his building of the dam" na "his building the dam", "kusoma kwake kuzuri" na "kusoma kwake kitabu". Maana yake ni kwamba kimilikishi si kipimo cha unomino wa neno lenyewe. Kinamtaja mtendaji tu, na kinakaa katika ganda la nje. Kipimo halisi ni kivumishi dhidi ya kielezi, na "of" dhidi ya yambwa ya moja kwa moja. Fowler na Jespersen, kwa maneno mengine, walipigania kipande cha muundo ambacho hakiwezi kuamua jambo walilokuwa wakilibishania.

6.0 Hatari ya kuainisha kwa tafsiri

Mifano ya (1) na (2) ilitafsiriwa kwa "ujenzi", "kulijenga", "waliokuwa wakilijenga", "wanalijenga", "akisoma". Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba, kwa kuwa Kiswahili kinatumia maumbo hayo yote, Kiingereza nacho kina aina nyingi za -ing ambazo zimejificha chini ya kiambishi kimoja. Hiyo ni hoja dhaifu. Kiswahili kinatenga kwa viambishi mambo ambayo Kiingereza kinayatenga kwa mpangilio wa maneno, au hakiyatengi kabisa.

Udhaifu wake unaonekana waziwazi katika vitenzi vya hali. "She is sitting" ni 'ameketi'. "He is wearing a kanzu" ni 'amevaa kanzu'. "A sleeping child" ni 'mtoto aliyelala'. Kama tungeainisha kwa tafsiri, tungelazimika kusema kwamba "sitting" ni umbo la hali timilifu, na kwamba "sleeping" ina njeo ya wakati uliopita. Hakuna anayeweza kulikubali hilo. Bado kosa hilo hilo hufanywa kila siku darasani, mwalimu anapowaambia wanafunzi kwamba -ing ni "-na-", na mwanafunzi akaandika kwa utiifu "she is knowing" kwa sababu kwao ni 'anajua'. Nchini Tanzania, ambako masomo ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza, kosa hilo humfuata mwanafunzi hadi katika mitihani ya biolojia na jiografia.

Liko eneo moja, hata hivyo, ambako lugha hizi mbili zinakwenda sambamba kwa namna ya kushangaza. Baadhi ya maneno ya -ing yameacha kuwa vitenzi na yamekuwa vihusishi: "concerning", "regarding", "during". La mwisho halina hata kitenzi hai cha kulitolea; kitenzi chake, "dure", kimekwisha kufa. Katika "concerning your letter" hatuulizi ni nani anayefanya tendo. Kiswahili nacho kimefanya "kuhusu", "kutokana na", "kulingana na" na "kufuatana na" kuwa vihusishi, na hakuna anayetafuta mtendaji wa "kuhusu". Katika matumizi hayo neno halikubali tena ukanushi wala kimilikishi: *"kutohusu kwake barua yako" haiwezi kuanzisha sentensi kwa maana ya kihusishi.

Kwa mtunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, matokeo ya uchambuzi huu ni ya kazi za mikono. "Building" kama jengo, "interesting" na "during" zinahitaji vidahizo vyake, kila kimoja na aina yake. "Sleeping bag" nayo inahitaji kidahizo, kwa kuwa ni nomino ambatani: mkazo uko kwenye neno la kwanza, na begi halilali. Lakini "walking" katika "she is walking" na "walking home takes an hour" haihitaji kidahizo chochote, wala kimoja wala viwili. Ni umbo la kawaida la "walk", na mahali pake ni katika maelezo ya sarufi mwanzoni mwa kamusi. Na mtunga mtihani anayetaka kuuliza kuhusu maneno haya atafanya vema kuacha agizo la kupigia mstari jerandi, na badala yake ampe mtahiniwa sentensi mbili, moja yenye "careful" na nyingine yenye "carefully", amwombe aeleze ni kwa nini "of" inaingia katika moja na inakataa kuingia katika nyingine.